MAUA YA NJIANI: SOMO LA KUTAZAMA NA KUANDIKA



Soma insha zetu, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Karibu kila moja ina "maua ya kupendeza ya kila rangi". Lakini muulize mwandishi ni maua gani, atakuna kichwa tu! Wahenga walisema tembea uone. Sisi wa shule ya kutwa twatembea asubuhi na jioni, ila kuona ndiko kunakotushinda. Masika yakinyesha kati ya Machi na Mei, kando ya njia huwa darasa kamili. Hebu tutazame mimea minne.

Kwanza sarufi kidogo. Ua hili (wingi maua haya) liko katika ngeli ya LI-YA. Ua huu (wingi nyua hizi) ni uwanja uliozungushiwa wigo. Basi ua la kwanza huchanua, na ua wa pili hufagiwa!

(a) Kishona nguo. Ndilo lile gugu linaloshika soksi na sweta zetu. Ukilitazama ua lake karibu, utagundua si moja bali ni vijiua vingi vya manjano vilivyobanana pamoja. Mbegu zake nyembamba zina vijimiba kwenye ncha. Hivyo hunasa nguo na manyoya ya wanyama, na mmea husafiri bila kulipa nauli.

(b) Mshubiri. Huu huota hata penye mawe na ukavu kwa sababu majani yake manene huhifadhi maji. Maua yake ni kama mirija midogo, mara nyingi mekundu. Simama kimya utamwona chozi, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, akifyonza nekta na kubeba chavua.

(c) Lantana. Tazama kishada kimoja: vijiua vya katikati huwa manjano, na vya pembeni vimegeuka rangi, kwa maana vimezeeka. Mmea huu ni mgeni kutoka Amerika. Watu waliupanda kwa urembo na ua (huo wa wigo!), nao ukavamia malisho. Mifugo wakila majani yake hudhurika.

(d) Mnanaha. Ua lake jeupe ni kama tarumbeta, nalo hufunguka jioni, wakati nondo wanaruka. Utaukuta sana karibu na jaa au zizi, penye udongo wenye mbolea. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: mmea wote ni sumu, hasa mbegu. Waonye wadogo zako wasiuchezee wala kuonja.

Sasa turudi kwenye insha. Badala ya "niliona maua mazuri", waweza kuandika: "Nyuma ya zizi mnanaha ulikuwa umefungua tarumbeta zake nyeupe, na giza lilikuwa linaingia." Msomaji atajua uko wapi, ni saa ngapi, na hata hatari iliyopo. Hukuongeza msamiati mgumu, ulitazama tu.

ZOEZI: Ukienda nyumbani leo, chagua ua moja. Usilichume. Andika sentensi tano: umbo lake, rangi yake, harufu yake, udongo lilipoota, na mdudu au ndege anayelitembelea. Muulize nyanya au babu jina lake, kisha ulete ubaoni tulijue sote.