Pumba za Mpunga Ni Kuni za Tanuri

Leo tutajifunza kujenga nyumba kwa kutumia kitu tunachokitupa.

Bonde la Kilombero ni bonde la mpunga. Kila penye mashine ya kukoboa, Ifakara mjini hata vijijini, utaona kilima cha pumba. Wengi huzitia moto tu, na moshi ukawasumbua majirani. Je, pumba hizi ni uchafu? Hapana. Ni kuni za kuchomea matofali.

Kwa nini tuchome matofali?

Bonde letu hupata mafuriko. Mto Lumemo ukifurika, maji huingia majumbani. Ukuta wa matofali mabichi hulowa, hulainika, kisha huanguka. Unaweza kuua watu waliolala ndani. Tofali lililoiva vizuri haliyeyuki majini.

Lakini tanuri moja hula magogo mengi, na miti inakwisha. Milima ya Udzungwa imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992. Tangu mwaka 2011 wanavijiji wamekatazwa kuokota kuni humo. Basi tuchomee nini? Tuchomee pumba.

Namna ya kufanya

1. Anika matofali kwanza kivulini, halafu juani, mpaka yakauke kabisa. Tofali lenye maji hupasuka motoni.

2. Panga tanuri, ukiacha nafasi ndogo kati ya tofali na tofali. Jaza pumba katika nafasi hizo, safu kwa safu. Chini acha matundu ya moto.

3. Zungushia pumba nyingi pembeni na juu. Washa matunduni kwa kuni chache.

4. Pumba huwaka polepole, kwa siku kadhaa. Zikipungua, ongeza. Tanuri lisikose mlinzi, wala lisiwe karibu na nyumba za nyasi.

5. Tanuri likipoa, gonganisha matofali mawili. Yakilia kama chuma, yameiva. Tena loweka tofali moja majini usiku kucha. Likimong'onyoka, halijaiva. Usilijengee.

Na majivu je?

Usiyatupe. Majivu ya pumba yakisagwa laini, yakachanganywa na chokaa na maji, hushika kama saruji. Mwombe fundi ajaribu kwanza sehemu ndogo. Jifunge kitambaa puani, maana vumbi lake huumiza mapafu.

Shauri letu

Msiende mmoja mmoja kwa mwenye mashine. Kaeni kikundi, mkubaliane naye mapema. Akiona pumba zina kazi, huenda akataka kuziuza.

Hesabu

Gunia la mpunga la kilo 100 hutoa pumba kilo 20 hivi. Mashine ikikoboa magunia 50 kwa siku, itatoa pumba kilo ngapi?

Maswali ya kujadiliana

1. Pumba za kijijini kwenu huenda wapi?
2. Kwa nini tofali bichi ni hatari wakati wa mafuriko?
3. Utajuaje kwamba tofali limeiva?