Kijani pekee hakitoshi

Swali: Machimbo ya mawe kijijini kwetu yamefukiwa na kupandwa miti. Sasa kote ni kijani. Tutajuaje kama uoto umerudi kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, kijani kisiwadanganye, hasa baada ya masika. Chagueni vipande vya mita moja kwa mita moja, mvipigie vigingi vya chuma, na kila mwaka, mwezi uleule, mhesabu aina za mimea na kukadiria ardhi iliyobaki wazi. Fanyeni vivyo hivyo kwenye ardhi jirani isiyochimbwa. Hicho ndicho kipimo chenu.

Kisha pigeni magoti mtazame chini. Mche mmoja uliojiotea wenyewe una uzito kuliko mingi mliyopanda kwa mkono. Kule Bamburi, Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo yaliyobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Mivinje ilistawi, kwa kuwa bakteria wa mizizini huipatia naitrojeni, lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Majongoo walioletwa ndio walioyatafuna yakawa mboji, na mimea mingine ikapata pa kushika. Basi fukueni majani yaliyoanguka: yakiwa makavu hadi chini kabisa, bila mboji wala wadudu, kazi bado mbichi.