Mafaili Yako Yakiwa kwenye Seva: Maswali Yanayoulizwa Sana

Fungua kompyuta ya ofisi yoyote utakuta "ripoti_mwisho", "ripoti_mwisho2" na "ripoti_mwisho_HII_NDIYO", na hakuna anayethubutu kufuta hata moja. Wengi hudhani dawa ni kutafuta seva. Seva peke yake inakuwezesha kulifikia faili ukiwa mbali, basi. Nani kabadilisha nini, na lini, hiyo ni kazi ya programu za kutunza matoleo. Maswali mengi hutokana na kuchanganya mambo haya mawili.

Kompyuta yangu na seva zinagawanaje kazi?

Kama duka la kaunta. Huingii kwenye rafu. Unaagiza, na muuzaji anakupa au anakunyima. Programu iliyo kwenye kompyuta yako ndiyo mteja. Seva hukagua kwanza wewe ni nani na umeruhusiwa nini, ndipo itoe au ipokee faili.

Mbona fundi anakataza FTP, njia ya zamani ya kusafirisha mafaili?

Kwa sababu nywila yako hupita wazi. FTP ilianza mwaka 1971, Abhay Bhushan alipoiandika akiwa MIT, na mtandao wa siku hizo ulikuwa wa vyuo na maabara chache. Leo, anayechungulia njiani anaisoma nywila herufi kwa herufi. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1995 katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, na Tatu Ylönen, mtafiti wa hapo, akaunda SSH, inayofumba kila kitu kabla hakijaondoka kwenye kompyuta yako. SFTP husafirisha mafaili ndani ya njia hiyo ya SSH. Chrome na Firefox ziliachana na FTP mwaka 2021, kwa hiyo anayekuuzia nafasi ya tovuti akikupa FTP tupu, mdai SFTP.

Jambo moja watu hulipita mbio. Ukiingia kwenye seva kwa SSH mara ya kwanza, unaonyeshwa mstari wa herufi na tarakimu zilizovurugika, unaoanza na SHA256, kisha unaulizwa kama uendelee. Karibu kila mtu hukubali bila kusoma. Mstari huo ni alama ya utambulisho wa seva: mwombe msimamizi akupe alama yake kwa simu, uzilinganishe. Siku nyingine ukipata onyo kwamba alama imebadilika, simama kwanza. Huenda seva imewekwa upya, na huenda mtu amejipenyeza katikati.

Faili ni kubwa na bando ni dogo, nifanyeje?

Tumia rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia. Hulinganisha nakala mbili na kutuma sehemu zilizobadilika tu. Ukiielekeza itunze kipande kilichokwisha kufika, umeme ukikatika huanzi upya.

Git inatofautianaje na programu za zamani za kutunza matoleo?

CVS na Subversion huweka historia yote kwenye seva. Intaneti ikikatika, huwezi kuandikisha badiliko lolote. Git aliianza Linus Torvalds Aprili 2005, baada ya wajenzi wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya programu ya BitKeeper. Kwa kawaida, kila mwenye nakala huwa na historia nzima. Unafanya kazi bila mtandao, unaandikisha kila hatua kwa jina lako, saa na maelezo mafupi, kisha mtandao ukirudi unazipeleka zote kwa mkupuo.

Watu wawili wakihariri mstari uleule, Git haichagui mshindi. Huweka matini zote mbili ndani ya faili, zikitengwa kwa alama za mishale, na kukuachia uamuzi. Wanaoanza hukasirika sana hapo. Mimi naona bora kero hiyo kuliko kazi ya mwenzako kufutika kimyakimya, kama inavyoweza kutokea kwenye folda ya pamoja.

Kwa hati za Word, picha na video, Git si chaguo zuri. Haiwezi kuunganisha mabadiliko ya mafaili hayo, na hazina (mafaili pamoja na historia yake) hunenepa kwa kila toleo. Subversion, inayomruhusu mtu kulifunga faili mpaka amalize, hufaa zaidi.

Nikiwa na Git, bado nahitaji bakapu?

Ndiyo. Januari 31, 2017, fundi wa GitLab, huduma ya kutunza hazina za Git mtandaoni, alifuta kimakosa data kwenye seva isiyostahili. Hazina za msimbo zilisalimika, lakini kanzidata ilipotakiwa kurudishwa, njia kadhaa za bakapu zilionekana hazikuwa zikifanya kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyopigwa saa kama sita kabla. Jaribu kurudisha bakapu yako kabla hujaihitaji.

Nimepeleka nywila ndani ya hazina, nimeifuta. Nimepona?

Hapana. Umeifuta kwenye toleo la leo tu. Matoleo ya nyuma bado yanayo, na kila aliyekwisha kunakili hazina anayo pia. Anza kwa kuibadilisha nywila yenyewe kule inakotumika, mara moja. Kusafisha historia kunaweza kusubiri kesho, tena kwa kupatana na wenzako, maana nakala zao zitahitaji kuchukuliwa upya.