SOMO LA WIKI: KUCHAGUA BIMA YA MIFUGO, MLIMANI NA TAMBARARE

Ng'ombe aliyekonda bado hupata mnunuzi mnadani. Aliyekufa hana bei. Ndiyo sababu wafugaji wa Wilaya ya Same wanaofikiria bima wanashauriwa kuuliza kwanza swali moja kabla ya kuuliza ada: mifugo yao hufa kwa nini?

Jibu la Suji silo la Makanya. Mlimani, ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili hukaa bandani na kukatiwa majani. Adui mkubwa ni maradhi. Chini, upande wa magharibi ambako milima huzuia mvua, kundi hufuata malisho, na ukame unaweza kulimaliza kwa msimu mmoja.

Kwa ng'ombe wa bandani inafaa bima ya mnyama mmoja mmoja. Mnyama huvalishwa hereni, hukaguliwa na daktari wa mifugo na kuthaminishwa. Akifa kwa ugonjwa au ajali iliyotajwa katika mkataba, mwenyewe hulipwa.

Hapa ndipo ada ndogo huponza. Chukua mfano wa ng'ombe wa shilingi 2,000,000. Kampuni ya kwanza inatoza asilimia 5, yaani shilingi 100,000, na hulipa thamani yote. Ya pili inatoza asilimia 3.5, yaani shilingi 70,000, lakini mfugaji hubeba asilimia 20 ya hasara, na ndigana kali haimo. Ameokoa shilingi 30,000. Ng'ombe akifa kwa ajali, anakosa 400,000; akifa kwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaojulikana sana kwa kuua ng'ombe wa kisasa, anakosa zote. Aidha, kampuni inaweza kudai kumbukumbu za chanjo na kuogesha. Daftari la kumbukumbu hizo lina thamani kuliko maneno mazuri ya wakala.

Kwa kundi la tambarare, kumkagua kila mnyama ni gharama. Kenya ilijaribu njia nyingine huko Marsabit mwaka 2010, na Oktoba 2015 serikali yake ikaanza mpango wa namna hiyo Wajir na Turkana. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, malipo hutoka bila kuhesabu mizoga. Hata hivyo, bima hiyo hailipi ng'ombe aliyeibwa, aliyeugua wala aliyeliwa na simba wa Mkomazi.

Mfugaji wa Same akiletewa bima ya aina hiyo, aulize eneo la kipimo linaanzia wapi na kuishia wapi. Eneo likichanganya miteremko ya kijani ya Shengena na nyika ya Makanya, wastani unaweza kuonyesha malisho mazuri huku ng'ombe wa chini wanakufa. Wakala asiyeweza kuonyesha ramani asipewe fedha.

Kuchagua kwenyewe ni jambo la karibuni. Hadi sheria ya 1996 ilipofungua milango, Tanzania Bara ilikuwa na Shirika la Bima la Taifa tu. Sasa kampuni ni nyingi, chini ya mamlaka ya TIRA iliyoundwa kwa sheria ya 2009, na mwaka 2023 baadhi yake ziliungana kubeba bima ya kilimo kwa pamoja. Mnunuzi ahakikishe kwamba kampuni na wakala wake wana leseni.

Lipo pia suala la ushahidi. Mikataba mingi hutaka taarifa ya kifo itolewe haraka, pamoja na cheti cha mtaalamu wa mifugo, na pengine hereni yenyewe. Vijiji vya juu hufikika kwa shida wakati wa mvua, hivyo saa zilizotajwa zisomwe kabla ya kutia sahihi. Kama kimeta kinashukiwa, mzoga haupasuliwi wala kuchunwa. Kampuni iulizwe mapema, na jibu liandikwe, itakubali ushahidi gani katika hali hiyo.