HODI KABLA YA KUINGIA: FUNDISHO LA KULINDA SIRI ZA WATU



Mtu afikapo kwenye nyumba ya mwenzake, iwe kibanda cha makuti huko Maneromango au nyumba ya bati pale Maili Moja, husimama nje akapiga hodi. Akiitikiwa huingia. Asipoitikiwa hupiga tena, na baada ya mara ya tatu akiona kimya hugeuka akaenda zake, wala haoni kuwa amedharauliwa. Wazee wetu wa Pwani wameishika desturi hii tangu zamani, na huenda wengi wasijue kuwa imeamriwa na Mwenyezi Mungu. Katika Sura Nur (24:28-29) waumini wameagizwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu waliomo, na wakiambiwa warudi, basi warudi, maana hivyo ni safi zaidi kwao. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba ruhusa huombwa mara tatu, kisha mtu aondoke.

Siku hizi ameingia miongoni mwetu mgeni asiyepiga hodi. Haji kwa miguu, wala mbwa hambwekii. Huingia kwa njia ya simu iliyomo mfukoni, akahesabu majina ya ndugu zetu, akasoma habari za fedha zetu, akajua tulipolala jana. Kwa kuwa wanafunzi wa madarasa yetu ya Kibaha na Kisarawe wameuliza sana juu ya jambo hili, nimeona inafaa kulieleza kwa nuru ya Uislamu.

Tukio la Kibaha

Mama mmoja wa Kibaha, aliyeingia katika Jumuiya yetu si zamani, alinipa ruhusa nieleze habari zake bila kumtaja jina. Mtoto wake aliugua naye hakuwa na fedha. Akaona katika simu tangazo la mkopo wa haraka usiohitaji dhamana. Akaipakua programu ile, ikamwuliza maswali mengi kwa Kiingereza, naye akabonyeza "kubali" kila ilipoulizwa. Aliomba shilingi 50,000. Zikamfikia pungufu kwa sababu ada ilikatwa mbele, na baada ya siku saba akatakiwa alipe zaidi ya zile alizoomba. Alichelewa siku mbili. Siku ya tatu watu wote ambao majina yao yalikuwa katika simu yake walipelekewa ujumbe kwamba yeye ni tapeli anayekimbia deni. Alipelekewa shemeji yake, akapelekewa mwalimu wa mtoto wake, nami pia nikapelekewa.

Hapana budi nikiri kosa langu. Niliposoma ujumbe ule nilimwuliza jirani yake kama amesikia habari hizo, nami nilidhani nauliza kwa wema. Kumbe yule jirani alikuwa hajui lolote, nami ndiye niliyemjulisha. Mama yule hakuonekana msikitini wiki tatu. Alipokuja hatimaye, alisema kwamba deni alikwisha lilipa, bali aibu hakujua angeilipa kwa nani.

Mambo ya namna hii yamewapata wengi nchini. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuwaonya wananchi juu ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Katazo la Kurani Tukufu

Katika Sura Hujurat (49:13) Mwenyezi Mungu amekataza mambo matatu kwa pamoja: dhana mbaya, kupeleleza siri za watu, na kusengenya, kisha akamfananisha msengenyaji na mtu alaye nyama ya ndugu yake aliyekufa. Msomaji aangalie mpango wa mambo hayo. Mtu huanza kwa kumdhania mwenzake vibaya. Dhana humsukuma apeleleze, apate kuithibitisha. Akiisha kupata jambo hawezi kukaa nalo, hulitoa nje. Aliyeikataza dhana ameziba chemchemi, na aliyekataza upelelezi ameziba mfereji.

Mtume s.a.w. alikuwa mkali katika jambo hili. Katika Hadithi zilizopokewa na Imam Bukhari imeelezwa kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu la mlango wa nyumba yake hali Mtume s.a.w. ameshika kitana cha chuma, naye akamwonya kwa maneno makali kwamba sheria ya kuomba ruhusa imewekwa kwa ajili ya macho. Fikirini maneno hayo. Yule mtu hakuvuka kizingiti kwa mguu wake, lakini jicho lake lilivuka, na kwa sheria ya Uislamu hilo ni kuingia. Basi programu ichunguliayo ndani ya simu yako imeingia nyumbani mwako, hata kama mwenyewe aliyeitengeneza yuko ng'ambo ya bahari.

Swali la kijana wa Kisarawe

Kijana mmoja huko Kisarawe, ambaye bado anaichunguza dini, aliniuliza: "Sheikh, mimi si mwizi wala mzinzi. Kama sina ubaya wa kuficha, ya nini niogope kutazamwa?"

Swali hili huulizwa duniani pote, na jibu lake limo katika Sura Nur (24:59). Humo Mwenyezi Mungu ametaja nyakati tatu ambazo hata watumishi na watoto wadogo wa nyumba ile ile sharti waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Sala ya Isha. Je, katika nyakati hizo watu wanatenda dhambi? Hasha. Wamepumzika, au wako na wake zao kwa halali. Sitara basi imewekwa kwa ajili ya haya na heshima ya mwanadamu, na mtu mwema anaihitaji sawasawa na mwovu. Nilimwuliza kijana yule kama angekubali kuondoa mlango wa chumba chake kwa kuwa yeye si mwizi. Akacheka, akasema amefahamu.

Je, serikali haina haki ya kupeleleza?

Uislamu umetufundisha kuwatii wenye mamlaka (4:60). Serikali yetu ilipoamuru laini za simu zisajiliwe kwa alama za vidole kuanzia tarehe 1 Mei 2019, na zile zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020, tulitii. Tena tunatambua kwamba wako wezi na wauaji, na serikali isiyowatafuta imewadhulumu raia wake.

Mtume s.a.w. mwenyewe, kabla ya kutekwa Makka katika mwaka wa 8 Hijria, alimtuma Hadhrat Ali r.a. pamoja na wenzake wamfuatie mwanamke mmoja njiani, wakamnyang'anya barua ya siri. Barua hiyo iliandikwa na Hatib r.a. kuwajulisha Makureshi habari za jeshi la Waislamu. Lakini yatazameni masharti yake. Hatari ilikuwa ya kweli na ilikuwa karibu. Aliyefuatwa ni mtu mmoja aliyejulikana, wala hawakupekuliwa wasafiri wote. Barua ilipopatikana Hatib aliitwa, akasikilizwa udhuru wake, na Mtume s.a.w. akamsamehe kwa kukumbuka utumishi wake katika vita vya Badri.

Kwa upande wa pili, imesimuliwa kuwa Hadhrat Umar r.a. alipokuwa Khalifa alisikia sauti usiku, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule alikiri kosa lake moja, kisha akamkumbusha Khalifa makosa matatu: amepeleleza, ilhali Mungu amekataza (49:13), ameingia si kwa mlangoni, ilhali nyumba huingiwa kwa milango yake (2:190), na ameingia bila ruhusa wala salamu (24:28). Hadhrat Umar r.a. hakuchukia. Alimwacha baada ya kupata ahadi yake ya kutubu. Masimulizi haya yatufundisha kwamba mtawala naye yuko chini ya sheria, na kwamba raia aweza kumkumbusha kwa adabu.

Katiba ya nchi yetu, kwa Ibara ya 16, inalinda maisha ya faragha ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Bunge nalo lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Anayedai haki yake kwa sheria hizi si mwasi. Anaisaidia serikali yake itimize ahadi.

Biashara ya siri

Sasa yako makampuni yanayouza upelelezi kama wengine wanavyouza korosho. Kampuni ya NSO Group ya Israeli ilitengeneza programu iitwayo Pegasus, inayoweza kuingia katika simu ya mtu bila yeye kubonyeza lolote, na kampuni yenyewe husema kwamba huziuzia serikali tu kwa ajili ya kupambana na wahalifu. Lakini mwaka 2019 WhatsApp iliishtaki kwa kuingilia simu zipatazo 1,400, na Desemba 2024 jaji wa Marekani aliamua kuwa NSO ina hatia katika shauri hilo. Hata hapa Afrika ya Mashariki, Desemba 2021 iliripotiwa kwamba simu za maofisa wa Marekani waliokuwa wakifanya kazi za Uganda ziliingiliwa kwa programu hiyo.

Sisi Waahmadiyya tunayajua pia madhara ya mamlaka na makampuni yanapokutana juu ya dhamiri ya mtu. Tarehe 25 Desemba 2020 Mamlaka ya Mawasiliano ya Pakistani ilitangaza kwamba imezipelekea Google na Wikipedia notisi za kutaka yaondolewe mambo yahusuyo Jumuiya yetu, ikiwemo tafsiri ya Kurani Tukufu. Ufunguo wa nyumba ukiwa mkononi mwa mwingine, siku moja huenda akaja kukuuliza unasali vipi.

Mtu atasema: makampuni huomba ruhusa, nasi tumebonyeza "kubali", kosa liko wapi? Jawabu ni mawili. Kwanza, ruhusa ya mtu aliyebanwa na shida, iliyoandikwa kwa lugha asiyoifahamu, si ridhaa kamili. Pili, na hili ni kubwa zaidi, majina na namba zilizo katika simu yako si mali yako. Ni amana uliyopewa na wenyewe, na tumeamriwa kuzirudisha amana kwa wenyewe (4:59). Mama yule wa Kibaha hakuwa na uwezo wa kuitoa ruhusa ya mwalimu, wala kampuni haikuwa na haki ya kuipokea. Na kuhusu deni, Kurani Tukufu imeharimisha riba, na imesema mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate nafasi (2:281). Kati ya fundisho hili na ule ujumbe wa matusi wa siku ya tatu, kila mwenye akili achague.

Mambo ya kutenda

Kwanza, usipakue programu ya mkopo kabla ya kujua kama mwenyewe ana leseni ya Benki Kuu. Afadhali zaidi, ujiepushe na mkopo wa riba kabisa. Viongozi wa Jumuiya na wenye uwezo miongoni mwetu wajue kwamba kama mlango wetu ungalikuwa wazi, mama yule asingaliukimbilia wa mgeni.

Pili, programu ikiomba ruhusa ujiulize inaihitaji kwa kazi gani. Tochi haihitaji kujua majina ya ndugu zako. Ruhusa hizo zaweza kukataliwa, na zilizokwisha tolewa zaweza kuondolewa katika mipangilio ya simu.

Tatu, usimkopeshe mtu namba yako ya kitambulisho wala kidole chako asajili laini. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa jina lako, na ujumbe wa utapeli upeleke kwa namba 15040. Aliyedhulumiwa katika taarifa zake apeleke malalamiko yake kwa Tume.

Nne, tujitazame wenyewe. Mume asomaye simu ya mkewe kwa siri, jirani asambazaye picha ya mwenzake, na mtu apelekaye mbele ujumbe wa aibu alioupokea, wote hawa wanafanya kwa kidogo yaleyale yanayofanywa na makampuni kwa wingi. Tulipopokea ujumbe juu ya mama yule, wajibu wetu ulikuwa kuufuta, kunyamaza, na kwenda kumwuliza yeye mwenyewe kama anahitaji msaada. Mimi sikufanya hivyo, na nimemwomba radhi.

Mwisho, anayetafuta dini ya kweli na aangalie tofauti hii. Mwenyezi Mungu anatuona sote, na hakuna programu iwezayo kuona anachokiona Yeye. Lakini Yeye anayajua makosa yetu yote na huyasitiri, akatupa muda wa kutubu. Wanadamu wanajua kidogo, nao hukiuza hicho kidogo. Mja mwema hujifunza sifa za Mola wake, na amsitiriye ndugu yake hapa duniani, Mtume s.a.w. ametoa habari njema kwamba Mungu atamsitiri Siku ya Kiyama.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa milango ya ndugu zetu, wala si matundu ya kuchungulia. Amin.