Utakatifu Kwenye Mizani

Swali: Je, Mkristo anayeshinda sokoni kutwa nzima anaweza kuutafuta utakatifu, au huo ni wa watawa na wachungaji?

Jibu: Neno la Kiebrania kadoshi, linalotafsiriwa “takatifu”, lina maana ya kilichotengwa kwa ajili ya Mungu, na ndiyo maana wengi humdhania mtakatifu kuwa mtu aliyejitenga na shughuli za watu. Hata hivyo, sura ya 19 ya Mambo ya Walawi, inayoanza kwa kuwaagiza Waisraeli wote wawe watakatifu, haikawii kuingia shambani na sokoni: pembe za shamba ziachiwe maskini, ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hadi asubuhi, na mizani iwe ya haki. Mnunuzi anayemshurutisha mkulima ajaze lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba juu ya mdomo wake lakini likalipwa kama gunia moja, ameupoteza utakatifu palepale, hata kama ametoka kwenye ibada ya alfajiri. Walokole wa uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 walilielewa jambo hili vema, kwani toba yao iliambatana na kurudisha vitu vilivyoibwa. Sala na mfungo havipungui thamani kwa hilo, maana ndivyo vinavyoulainisha moyo hadi mnunuzi aweze kumrudia mkulima na kumlipa ile ziada.