Namna ya Kuiandaa Tovuti ya Halmashauri Ili Akili Unde Iisome Sawasawa

Mwananchi aliyehitaji taarifa ya Halmashauri alizoea kwenda kwenye ubao wa matangazo wa kata, baadaye akazoea kufungua tovuti na kupekua kurasa. Siku hizi wengi huandika swali zima kwenye simu, na kabla ya orodha ya tovuti kutokea, programu ya akili unde huwapa jibu moja lililokwisha kukusanywa. Google ilianza kuweka muhtasari wa namna hiyo juu ya matokeo yake Mei 2024, kwanza nchini Marekani, na ChatGPT ikaongezewa uwezo wa kutafuta mtandaoni Oktoba mwaka huohuo.

Tuseme kiongozi wa kikundi cha wanawake anauliza: kikundi chetu kinahitaji nyaraka gani ili kipate mkopo wa asilimia 10 wa Halmashauri? Jibu huja kwa sekunde chache, kwa Kiswahili fasaha na kwa sauti ya uhakika. Lakini mikopo hiyo, ambayo hugawanywa kwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Matangazo ya miaka ya nyuma bado yamo mtandaoni, katika tovuti nyingi za umma na kwenye kurasa za watu binafsi. Mashine ambayo haijaelezwa lipi ni la zamani na lipi ndilo linalotumika sasa huweza kuyachanganya yote mawili. Kikundi kikifunga safari hadi makao makuu ya wilaya kikiwa na fomu iliyokwisha kufutwa, hasara ya nauli na ya siku nzima ya kazi ni ya wanakikundi, si ya mashine.

Somo hili linaeleza njia mojawapo ya kupunguza makosa hayo, nayo ni kuweka data zenye muundo ndani ya kurasa za tovuti. Linawalenga maofisa wanaopandisha taarifa kwenye tovuti, wakuu wa idara na vitengo wanaozitoa, pamoja na wananchi wenye tovuti za biashara, shule au vikundi, kwa kuwa kanuni zake ni zilezile.

Barua na fomu

Ukurasa wa kawaida wa tovuti unafanana na barua. Msomaji mwenye akili timamu akikuta maneno “Ofisi ya Mtendaji wa Kata, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri”, huelewa mara moja jina la ofisi, siku za kazi na saa za kufungua na kufunga. Mashine huona mfululizo wa herufi na kubahatisha maana yake. Data zenye muundo ni mithili ya fomu iliyobanwa nyuma ya barua hiyo: kila taarifa ina kisanduku chake, na kila kisanduku kina jina linalofahamika duniani kote. Mwananchi anayefungua ukurasa haioni fomu hiyo. Programu zinazopita kukusanya taarifa ndizo zinazoisoma.

Majina ya visanduku hivyo yamekusanywa katika msamiati unaoitwa Schema.org, ulioanzishwa Juni 2011 na kampuni za Google, Microsoft na Yahoo, kisha Yandex ya Urusi ikajiunga mwaka huohuo. Ni jambo la nadra kwa washindani kukubaliana hivyo, na manufaa yake ni kwamba fomu moja hutosha kwa wote. Namna ya kuijaza iliyozoeleka zaidi, na ambayo Google huipendekeza, ni JSON-LD, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi cha mtandao mwaka 2014. Huo ni msimbo mfupi unaoingizwa ndani ya ukurasa bila kugusa maandishi yanayoonekana. Kwa ofisi iliyotajwa hapo juu, sehemu ya msimbo huo ingekuwa hivi:

{
"@context": "https://schema.org",
"@type": "GovernmentOffice",
"name": "Ofisi ya Mtendaji wa Kata",
"openingHours": "Mo-Fr 07:30-15:30"
}

Majina ya visanduku huandikwa kama yalivyo katika msamiati, kwa Kiingereza, na herufi kubwa na ndogo zizingatiwe. Yanayojazwa ndani yake, kama jina la ofisi au maelezo ya huduma, huandikwa kwa Kiswahili pasipo tatizo lolote. Kipo hata kisanduku cha kutaja lugha ya ukurasa, na alama ya Kiswahili ni “sw”.

Saa ya Kiswahili na mitego mingine

Msomaji atakuwa ameona kwamba saa katika mfano huo zimegeuzwa. Hapo ndipo tovuti za Afrika Mashariki hukosea kwa urahisi zaidi, na miongozo iliyoandikwa ughaibuni haina habari na mtego huo. Siku ya Mswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Saa ya mashine huanzia usiku wa manane. Anayenakili “1:30” na “9:30” moja kwa moja kwenye visanduku atakuwa ameitangazia dunia kwamba ofisi hufunguliwa saa saba na nusu usiku na kufungwa saa tatu na nusu asubuhi. Mwananchi atakayeuliza mchana kama ofisi iko wazi atajibiwa kwamba imekwisha kufungwa. Kwenye maandishi yanayoonekana, saa 1:30 asubuhi ibaki kama ilivyo. Kwenye msimbo iandikwe 07:30, na saa 9:30 alasiri iandikwe 15:30.

Tarehe nazo zina mtego wake. Tangazo lenye tarehe 03/07/2025 ni la Julai 3 kwa Mtanzania, bali kwa Mmarekani ni la Machi 7. Msimbo hutaka mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-07-03. Mwaka wa fedha pia usiachwe ujieleze wenyewe. Mashine haina sababu ya kujua kwamba 2024/25 ulianza Julai 1 na kuisha Juni 30.

Mtego wa tatu ni wa ramani. Tanzania nzima iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo ya kila zahanati, shule na ofisi ya kijiji lazima itanguliwe na alama ya kutoa. Alama hiyo ikisahauliwa, zahanati iliyo katika latitudo ya nyuzi 6 kusini, karibu na longitudo ya 35, huhamia mpakani mwa Sudan Kusini na Ethiopia. Kosa hili halionekani kwenye ukurasa. Hugunduliwa pale tu mtu anapofuata ramani.

Huduma ielezwe yenyewe

Tovuti nyingi huishia kueleza ofisi na kusahau huduma, ilhali mwananchi haulizi habari za ofisi. Anauliza jambo lake litakamilishwa vipi. Msamiati una aina mahsusi ya huduma za serikali, GovernmentService, yenye visanduku vya jina la huduma, mtoaji wake, eneo inakotolewa, walengwa na mahali pa kwenda. Bei nayo ina nafasi yake.

Usajili wa vizazi vya watoto wa umri chini ya miaka mitano unafaa kuwa mfano. Katika maeneo yenye mpango huo wa RITA, mzazi hupata cheti cha kwanza cha mtoto bila malipo, katika ofisi za watendaji wa kata na katika vituo vinavyotoa huduma za mama na mtoto. Ukurasa ukieleza hayo waziwazi, na msimbo ukaweka bei kuwa 0 na sarafu kuwa TZS, programu inayojibu maswali hupata taarifa isiyo na utata. Ukurasa ukikaa kimya kuhusu malipo, nafasi hiyo huzibwa na chochote kilichoandikwa kwingineko, yakiwemo maneno ya vishoka wanaodai fedha kwa huduma ya bure.

Kwa vituo vya afya zipo aina za Hospital na MedicalClinic. Kwa matangazo ya kazi ipo JobPosting, na kisanduku chake muhimu kuliko vyote ni validThrough, yaani siku ya mwisho ya maombi. Vijana wangapi wamekwisha kutuma maombi ya nafasi zilizofungwa miezi mingi nyuma, kwa sababu tu tangazo lilikuwa bado linaonekana? Kisanduku kingine kisichopaswa kuachwa wazi ni sameAs, kinachounganisha tovuti na akaunti rasmi za Halmashauri katika mitandao ya kijamii. Huisaidia mashine kutofautisha akaunti halisi na za kughushi.

Kurasa za maswali yanayoulizwa mara kwa mara pia zina aina yake. Agosti 2023 Google ilipunguza maonyesho maalumu ya maswali hayo na kuyabakiza kwa tovuti za serikali na za afya zinazoaminika. Hata bila maonyesho hayo, swali lililoandikwa kama wananchi wanavyouliza, likifuatwa na jibu fupi, ni chakula rahisi kwa programu yoyote ya kujibu.

Tatizo la nyaraka zilizopigwa picha

Hapa pana udhaifu mkubwa kuliko yote yaliyotangulia. Tangazo huchapwa, hutiwa saini na muhuri, hupigwa picha kwa skana, kisha hupandishwa kwenye tovuti likiwa faili la PDF lenye kichwa cha “Tangazo” tu. Kwa utaratibu wa ofisi kazi imekamilika. Kwa mashine, mara nyingi kilichopandishwa ni picha ya karatasi, tena pengine imepinda na muhuri umefunika tarehe. Data zenye muundo haziwezi kuokoa ukurasa ambao hauna maandishi.

Dawa ni rahisi ingawa huongeza kazi ya dakika kumi: maneno ya tangazo yaandikwe kwenye ukurasa wenyewe, na faili lenye muhuri liambatishwe chini yake kama ushahidi. Kichwa kitaje jambo lenyewe, mahali na tarehe. Ikiwa muda ni mchache na lazima kazi moja ichaguliwe, hii itangulie msimbo.

Yasiyotarajiwa kutokana na msimbo

Wapo wanaouza huduma ya “kuiingiza tovuti kwenye akili unde” kwa ahadi nono. Ukweli ni wa kiasi zaidi. Google imeeleza kwamba hakuna msimbo maalumu unaohitajika ili ukurasa utumike katika majibu yake ya akili unde. Ukurasa uwe tu unaosomeka, wenye manufaa na unaoruhusiwa kukusanywa. Kwa hiyo data zenye muundo hupunguza kubahatisha, lakini haziwi tiketi ya kutajwa, na programu mbalimbali hutofautiana katika namna zinavyozitumia.

Sharti moja halina mjadala: kilichomo kwenye msimbo lazima kiwepo pia kwenye ukurasa unaoonekana. Kuweka kwenye fomu ya siri huduma ambayo ukurasa hauitaji ni udanganyifu, na Google huweza kuunyima ukurasa huo maonyesho yote maalumu. Vilevile, baadhi ya programu zinazokusanya taarifa kwa ajili ya akili unde hazisubiri ukurasa ujikamilishe kwa JavaScript. Msimbo uwemo ndani ya HTML tangu ukurasa unapotoka kwenye seva.

Faili la robots.txt, linaloeleza programu zipi zinaruhusiwa kuingia, likaguliwe pia. Tovuti ya huduma za umma inayoifungia mlango programu ya OpenAI ya utafutaji, OAI-SearchBot, isishangae kutotajwa na ChatGPT.

Pa kuanzia

Halmashauri isijaribu kurasa zote kwa mkupuo. Ianze na ukurasa wa mawasiliano, kisha huduma tano au sita zinazoulizwa zaidi kwenye dawati la malalamiko, kisha orodha ya vituo vya afya. Idara husika iandike taarifa sahihi, Kitengo cha Mawasiliano Serikalini kiihakiki lugha yake, na Kitengo cha TEHAMA kiweke msimbo. Pale ambapo mfumo wa tovuti hauruhusu kuongeza msimbo, ombi lipelekwe Mamlaka ya Serikali Mtandao badala ya kutafuta njia za mkato.

Upimaji hauna gharama. Kikaguzi cha Schema.org, kinachopatikana validator.schema.org, husoma aina zote na kuonyesha kisanduku kilichojazwa vibaya. Kipimo cha Google cha Rich Results Test hukagua zile tu ambazo Google huzipa maonyesho maalumu, na GovernmentService haimo. Kwa hiyo kipimo hicho kikisema hakijaona kitu kwenye ukurasa wa huduma, asihangaike mtu. Baada ya hapo ofisa aulize programu mbili au tatu za akili unde maswali yaleyale ambayo wananchi huuliza, kwa Kiswahili chao, na aandike majibu pamoja na tarehe. Majibu hayabadiliki siku hiyohiyo, kwa sababu kurasa husomwa upya kwa ratiba za kampuni zenyewe.

Linalobaki ni la watendaji wa kata na waganga wafawidhi kuliko la mafundi. Siku ya kliniki ikihamishwa kutoka Jumanne kwenda Alhamisi, au ofisi ikahamia jengo jingine, taarifa ifike Kitengo cha TEHAMA kabla ya siku ya kwanza ya mabadiliko, ili ukurasa na msimbo vibadilishwe pamoja, na tarehe ya marekebisho ijazwe katika kisanduku cha dateModified.